Amri ya Kwanza na Mapendo ya Nchi

Katekismu yafundisha kwamba amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama, yahusu pia nchi ya uzazi. Mkristo asiyeipenda nchi yake hupungukiwa na fadhila. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe aliulilia mji wa Yeruzalemu alipoukaribia. Lakini amri ya nne haipandi juu ya amri ya kwanza. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli walikuwa watumishi wa serikali ya Babeli: kazi ya mfalme waliifanya, sanamu yake ya dhahabu hawakuisujudia.

Wazee wa Kongo wayakumbuka mambo ya namna hiyo. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kwa kifungo cha miaka 5. Na isemwe kwa haki: majina ya mababu si dhambi hata kidogo, na Kanisa la Kongo lenyewe lilitafuta kumsifu Mungu kwa namna ya Kiafrika, hata Roma ikaikubali Misa ya Zaire mwaka 1988. Kosa lilikuwa mahali pengine. Serikali ilijitwalia haki ya kuamua Mkristo aitwe nani mbele ya Mungu. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga. Akanyang'anywa nyumba yake, akakaa Roma uhamishoni kwa miezi kadhaa.

Mungu wa uongo hashibi. Mwaka 1974 Noeli ilifutwa katika sikukuu za serikali, shule za misioni zikatwaliwa, dini ikaondolewa darasani, misalaba ikateremshwa ukutani na picha ya Rais ikatundikwa. Mkubwa mmoja wa serikali akatangaza hadharani kwamba chama cha MPR ni Kanisa na mwanzilishi wake ni Masiya. Mwaka 1977 serikali hiyohiyo ilitia sahihi mapatano ya kuyarudishia Makanisa usimamizi wa shule, kwa maana ilikuwa imeshindwa kuziendesha. Na huyo aliyeitwa Masiya aliikimbia nchi mwezi wa Mei 1997, akafa Rabat mwezi wa Septemba.

Mtu atasema: picha zile zimekwisha kuondolewa, basi hatari imepita. Sivyo. Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake kwa Wakatoliki wa Ujerumani mwaka 1937, alifundisha kwamba kuitukuza mbari, taifa au dola kupita yote, na kuiabudu, ni kuupindua utaratibu uliowekwa na Mungu. Ugonjwa huo hauhitaji picha ukutani. Mji wa Goma umetwaliwa na M23 mwezi wa Novemba 2012, na tena Januari 2025. Na katika vita hivi kila upande hujitetea kwa jina la nchi au la kabila. Njiani mtu huulizwa atokako, pua yake na matamshi yake hupimwa, kisha husemwa kwamba huyu si mtoto wa nchi. Pengine Jumapili iliyotangulia aliyeuliza na aliyeulizwa walipokea Ekaristi katika Misa moja! Basi, anayejitayarisha kwa kitubio asijiulize tu kama aipenda Kongo. Ajiulize kama alifurahi aliposikia kwamba watoto wa kabila fulani wameuawa. Aliyefurahi, moyoni mwake mna madhabahu mbili, na iliyo kubwa zaidi si ya Mungu.

Mtumishi mwema wa nchi alitoka katika mji huohuo. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, alikuwa kijana wa miaka 26 katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwatunza watoto wa mitaani. Akapewa rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Chakula kile kingaliliwa na watu wa kila kabila la Goma.