Mimba ya binti: Aibu isitusukume kwenye kuua

Ndugu yangu Muislamu wa Moshono, jiulize swali moja. Binti yako ambaye hajaolewa akija usiku huu akakwambia, "Baba, nina mimba," neno lako la kwanza litakuwa lipi?

Nauliza kwa sababu mara nyingi neno hilo ndilo linaloamua kama kiumbe kilichomo tumboni kitaishi. Na wengi wetu tumekwishalitoa zamani: "Atakayeniletea mimba hapa, aondoke kwangu." Watoto wamesikia. Basi binti haji kwa baba. Huenda kwa rafiki yake, na kutoka hapo kwenye vidonge vya kificho au chumba cha uchochoroni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa mwaka 2013 pekee zilitolewa mimba zipatazo 405,000 Tanzania. Na sheria ilikuwepo: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, ni miaka 14 jela kwa mtoaji; kifungu cha 151, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Hofu ya jela haikutosha.

Hukumu ya dini inajulikana. Katika Suratul-Israai (17:31) Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukataza kuua watoto wetu kwa kuogopa umasikini, akatubainishia kuwa riziki yao na yetu iko kwake. Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inaeleza hatua za kiumbe mpaka kupuliziwa roho, na wanachuoni wengi wamezihesabu kuwa siku 120. Baada ya hapo kuitoa mimba ni haramu, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya hapo wamekhitilafiana, lakini Imam Ghazali, wa madhehebu ya Shafii, aliona ni kosa tangu mwanzo, na kwamba uzito wake huongezeka kadiri kiumbe kinavyokua.

Je, tukishasema haramu, tumemaliza? La hasha! Imepokewa na Muslim kuwa mwanamke wa kabila la Juhayna, mwenye mimba ya zinaa, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kukiri. Mtume alimwita walii wake, akamuamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Katika riwaya ya mwanamke wa Ghamid, alirudishwa hata baada ya kujifungua, mpaka mtoto aache ziwa. Zingatieni: hukumu nzito iliahirishwa ili mtoto aliyepatikana kwa zinaa aishi na anyonye. Na amri ya wema alipewa walii. Walii ni sisi akina baba.

Sisi tunafanya kinyume. Tunamfukuza mama, kisha mtoto tunamwita "mwanaharamu". Kilichokuwa haramu ni kitendo, si mtoto. Qur'an (6:164) imetufundisha kuwa hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Kila tunapolitamka neno lile, binti mwingine anayetusikia anajifunza kuwa kuua ni nafuu kuliko kuzaa.

Na kijana aliyehusika? Wapo wanaojificha nyuma ya kauli ya mafakihi wengi kuwa mtoto wa zinaa hanasibishwi kwa mwanamume. Hiyo ni hukumu ya nasaba na mirathi, si ruhusa ya kukimbia. Toba ya kweli hurekebisha kilichoharibiwa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mama kudai matunzo mahakamani.

Basi tufanye nini? Kwanza, binti asikilizwe nyumbani. Na kama alibakwa, ajue kuwa hana dhambi. Pili, kama ni mwanafunzi, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shule baada ya kujifungua. Tatu, akikutwa anavuja damu, akimbizwe hospitali kama Mount Meru bila kuhojiwa kwanza. Kuokoa nafsi ni wajibu. Nne, misikiti yetu itenge sadaka kwa ajili ya mama hawa, na wanandoa wasiojaliwa mtoto wajitokeze kulea, bila kumbadilishia mtoto nasaba yake (33:5).

Katika zama za Jahiliya wapo waliozika mabinti zao wakiwa hai kwa kuogopa aibu. Suratut-Takwir (81:8-9) inatuhadharisha kuwa mtoto huyo ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Tusidhani swali hilo litawahusu waliomwaga damu peke yao. Sisi tuliofunga milango tutajibu nini?

Wabillahi tawfiq.