Jua Hali ya Kuku Wako

Masomo ya juma: Mithali 27:23, Mithali 12:10, Walawi 1:14–17



Kitabu cha Mithali kinamwagiza mfugaji ajitahidi kuijua hali ya mifugo yake. Hakikuishia kwenye kuipenda wala kuihesabu. Wengi wetu tukilisoma agizo hilo tunawaza wenye ng'ombe na makundi ya mbuzi, na sisi tulio na kuku watano nyuma ya jiko tunajiona hatumo. Tumo. Mwenye kuku mmoja naye amekabidhiwa uhai, na aliyekabidhiwa huulizwa.

Juma hili natafakari nanyi juu ya kiungo kidogo ambacho hatukiangalii mpaka kuku ameshajikunyata: gole. Ni kile kifuko kilicho chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua, ambamo chakula hukaa na kulainika kabla ya kuteremka tumboni na kusagwa kwenye firigisi. Kuku hana meno. Anachodonoa hukimeza kizima, nazo changarawe alizomeza ndizo zinazosaidia firigisi kusaga.

Gole limetajwa katika Maandiko. Katika Walawi, mtu akileta sadaka ya hua au makinda ya njiwa, kuhani aliagizwa aliondoe gole la ndege na kulitupa upande wa mashariki wa madhabahu, mahali pa majivu. Ndege walikuwa sadaka ya wasio na uwezo wa kuleta mwana-kondoo. Luka anatusimulia kwamba Yusufu na Mariamu nao walitoa ya namna hiyo. Mungu aliyetoa agizo hata juu ya gole la ndege wa maskini hawezi kumdharau kuku wa mjane.

Nasema mjane kwa sababu yuko mmoja katika usharika wetu mwenye tetea kishingo. Alimlea ndani tangu kifaranga, baada ya kicheche kumchukua mama yake. Bibi akichambua mchele, tetea yuko miguuni pake. Na tangu mzee alipofariki, huyo ndiye anayesemeshwa asubuhi. Jumapili moja baada ya ibada, Bibi alinisubiri mlangoni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, Mchungaji. Kuku wangu hali. Naomba umwombee.”

Baadhi waliosikia walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Mithali 12 inasema wazi kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake; anayeleta mbele za Mungu uhai alioukabidhiwa analeta jambo halali.

Nilipofika kwake, majirani walikuwa wameshatoa ushauri. Mmoja alitaka kuku ageuzwe kichwa chini na kukamuliwa shingo ili atapike. Wa pili alikuwa na pakiti ya antibiotiki iliyobaki kwa kuku wake wa nyama. Wa tatu alishauri achinjwe kabla hajafa. Wote watatu waliacha kazi zao wakaja, na sina shaka na mapenzi yao. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa amemshika kuku.

Tulimwita daktari wa mifugo. Alimpakata tetea, akamfunga mabawa kwa kanga ili atulie, kisha akapitisha vidole taratibu chini ya shingo. Kwa kuwa kishingo hana manyoya hapo, sote tuliona: uvimbe mkubwa kama limau, mgumu, ukibonyezwa unabaki na alama ya kidole. Hakutoa dawa. Aliuliza swali moja: “Bibi, asubuhi kabla hajala, palikuwa hivi hivi?” Bibi alimtazama, akanitazama mimi. Hakuna aliyewahi kupaangalia.

Nataka kila mfugaji alichukue swali hilo. Kuku hula sana jioni kabla ya kupanda kulala, kwa hiyo wakati huo gole hujaa, na kujaa huko ni afya. Usiku kucha chakula huteremka polepole. Alfajiri, kabla hujamwaga pumba, gole linapaswa kuwa tupu. Likiwa bado limejaa, kuna jambo, na vidole vyako ndivyo vitakavyokuelekeza.

Likiwa gumu, huenda limeziba kwa nyasi ndefu zilizokomaa, makapi, kamba au nyuzi. Likiwa laini, linacheza kama lina maji, na mdomo wa kuku unatoa harufu ya uchachu, yawezekana fangasi jamii ya hamira wamezaliana humo. Likiwa linaning'inia siku zote, misuli yake imelegea. Mara nyingi hali hiyo hairudi nyuma, na kuku hulishwa chakula laini kidogo kidogo. Kwa macho ya mbali hali hizi zinafanana. Tiba zake hazifanani.

Sasa turudi kwa wale majirani. Kuku mwenye gole lililojaa maji akigeuzwa kichwa chini, maji hayo yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, akafa mikononi mwa aliyetaka kumponya. Antibiotiki huua bakteria, haiui fangasi. Tena yaweza kuwaua bakteria wema waliokuwa wakimzuia fangasi huyo asitawale, na tatizo likakua. Isitoshe, mabaki ya dawa huingia kwenye mayai na nyama, ndiyo maana pakiti huandikwa muda wa kusubiri kabla ya kula. Na kisu kina wakati wake, pale mateso yamezidi na tiba haipo. Wakati huo haukuwa umefika.

Tiba yenyewe ilianza kwa upole. Chakula kilizuiwa, maji safi yakabaki, matone machache ya mafuta ya alizeti yakapitishwa kwa uangalifu pembeni mwa mdomo, na gole likasuguliwa taratibu mara kadhaa kwa siku. Uvimbe haukulegea. Daktari akarudi, akampiga ganzi, akapasua ngozi na gole, akatoa kilichokuwamo: nyuzi za mfuko wa salfeti zilizojisokota na nyasi kavu, na kishungi cha nywele za bandia zilizofagiwa saluni. Akashona gole, kisha ngozi. Tetea yule anakula hadi leo.

Hatuwezi kumlaumu kuku kwa yaliyokutwa humo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mitaa yetu ikapata nafuu kubwa. Lakini nyuzi za salfeti, kamba za nailoni na mabaki ya saluni bado tunayatupa sisi wenyewe uani, kisha tunashangaa kuku kuugua. Alimeza kile tulichomwagia. Usafi wa uani ni sehemu ya huruma kwa kiumbe asiyeweza kuchagua anapoishi.

Kuna neno jingine ambalo siwezi kulinyamazia. Gole lisiloshusha chakula wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa mwingine, ukiwamo kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo. Ukiona pia kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida au shingo kupinda, hiyo si kazi ya mafuta ya alizeti. Kideri hakina dawa, kina kinga: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Nanyi mnajua tunalofanya banda likianza kuugua: tunawakamata walio bado wima, tunawahi nao mnadani kabla hawajaanguka. Mnunuzi anapeleka nyumbani kwake ugonjwa tuliouona sisi, nao unamaliza kuku wa kijiji kingine. Wapendwa, hiyo ni dhambi dhidi ya jirani, na haipungui uzito kwa sababu bidhaa ina mabawa.

Naliona fundisho la juma hili katika pengo lililokuwapo kati ya upendo wa wale majirani na vidole vya daktari. Huruma ni mwanzo mwema, lakini huruma isiyotaka kujua hali yaweza kuua. Ndivyo tunavyofanya pia kwa watu. Ndugu akiacha kuja ibadani, mmoja anasema aombewe, mwingine anasema akemewe, wa tatu anasema aachwe. Nani amekwenda kuketi naye amuulize ameanza lini kushindwa kula, kulala, kuzungumza na mkewe? Mama aliyefiwa tunamlundikia mistari ya Biblia, na hakuna aliyeuliza kama nyumbani kuna unga. Yesu alipokutana na Bartimayo, kipofu aliyejulikana kwa kila mpita njia, alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Bwana aliyejua yote aliuliza. Sisi tusiojua tunawahi kujibu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu juma hili. Jioni, kabla ya kufunga banda, mshike kila kuku wako na upapase gole lake. Alfajiri, kabla ya kumwaga chakula, rudia. Watoto wafundisheni kazi hii, maana mikono yao ni myepesi na wanawajua kuku kwa majina. Okoteni nyuzi, kamba na nywele uani, wekeni changarawe na maji safi, mwageni pumba iliyoota ukungu mahali ambapo kuku hawafiki. Na ukimkuta aliye mgonjwa, usimgeuze kichwa chini, usimpe dawa ya kubahatisha, usimuuze. Mtenge, mpe maji, mwite mtaalamu wa mifugo.

Kisha chagua mtu mmoja ambaye umekuwa ukimshauri kwa muda mrefu. Nenda kwake juma hili, na safari hii umuulize hali yake kabla hujasema lolote. Bwana awabariki ninyi na vyote mlivyokabidhiwa. Amina.