Aliyekwama Njiani ni wa Nani?

Wale mnaoishi Ulaya na Marekani mkisikia neno baridi mnawaza theluji mlangoni na makoti mazito. Sisi tulioko Sydenham, hapa Durban, baridi yetu ya mtaani ni ndogo. Mwezi wa Julai joto la mchana hufika nyuzi 22 au 23, na usiku hushuka hadi 10 au 11. Hata hivyo nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya joto la pwani, hazina mitambo ya kupasha moto, na chumba cha uani chenye sakafu ya saruji hakimhurumii mtu aliyekuja na shuka moja. Tena baridi inayotutia hasara kubwa zaidi iko mbali na mtaa wetu. Iko njiani, mlimani.

Kutoka hapa kwenda nyumbani kwa basi ni safari ya kuunga vipande. Kwanza barabara kuu ya N3 hadi Johannesburg, kama kilomita 570. Kisha Musina na mpaka wa Beitbridge, halafu Harare, Chirundu, Lusaka, na mwisho Nakonde na Tunduma, ndipo mtu akanyage ardhi ya Tanzania. Kipande kimoja kikikatika, safari nzima imekatika. Na hiyo N3, kabla haijafika Johannesburg, inapanda Drakensberg kwa njia ya Van Reenen, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari. Theluji ikianguka huko, barabara hufungwa. Mwezi wa Septemba 2024, wakati wengi wetu tumekwisha kuyakunja mablanketi tukidhani baridi imepita, theluji ilianguka kwa wingi kati ya Van Reenen na Warden. Magari madogo na malori yalikwama usiku kucha, na kuna aliyepoteza maisha kwa baridi.

Theluji si sababu pekee. Julai 2021 malori yalichomwa moto Mooi River, N3 ikafungwa, na katika ghasia za KwaZulu-Natal na Gauteng walikufa watu zaidi ya 350. Hapa Durban siku zile watu walipanga foleni ya mkate. Januari mwaka huohuo serikali ya Afrika Kusini ilifunga vituo 20 vya mpaka wa nchi kavu, Beitbridge kikiwemo, hadi katikati ya Februari, kwa sababu ya korona. Mwezi Mei 2020 Zambia nayo ilikuwa imeufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu hiyohiyo. Kila mara mambo haya yanapotokea, mtaani kwetu kuna mtu aliyekwisha kufunga mizigo, aliyeagana na watu, aliyetumia akiba yake yote kununua tiketi na zawadi. Leo asubuhi alikuwa msafiri. Jioni hana jina.

Hapo ndipo penye swali tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi: mtu huyu aliyekwama ni wa nani? Mwenyeji wake amekwisha kumuaga. Nyumbani wanamsubiri, lakini hawawezi kumlisha kutoka Mbeya. Mwenye basi atasema theluji ni kazi ya Mungu. Serikali ya nchi aliyomo inamhesabu siku. Mtanzania huruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90, na Mkenya vilevile tangu Januari 2023. Siku hizo zikipita, hata kwa siku chache, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12. Akizidisha zaidi ya siku 30, kwa miaka mitano. Inawezekana kukata rufaa, na ndiyo maana tunawaambia watu watunze tiketi na tangazo lolote la kufungwa kwa barabara. Lakini tazameni ajabu yake: mtu amekaa kitako juu ya begi lake, hajafanya lolote, na kwa kutofanya lolote anageuka mkosaji.

Wenye hekima wa zamani waliliona tatizo hili. Katika mafundisho ya Kiislamu, miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka yumo msafiri aliyekwama, mwana wa njia, hata kama kwao ni tajiri. Jambo hili ni la kutafakari. Haulizwi ana ng'ombe wangapi huko kwao. Anatazamwa pale alipo, na pale alipo hana kitu. Kwa upande wa Ulaya, Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni hana haki ya kudai akaribishwe nyumbani kwa mtu, ila hawezi kufukuzwa ikiwa kufukuzwa huko kutamwangamiza. Njia mbili mbalimbali, lakini zinakutana: dhiki ya njiani humpa mtu dai ambalo hakuwa nalo jana.

Sasa tuje kwetu Waswahili. Sisi tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kama kijembe, yaani kumwambia mgeni kwa adabu kwamba amechosha. Tunadhani usomaji huo unaipunja methali. Mtu hampi jembe yule anayetaka aondoke, humfungulia mlango. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Anayelima shambani anakula bila kuinamisha uso, na akinyamaza mezani hakuna anayehesabu matonge yake. Kwa hiyo siku ya tatu mgeni anaingizwa ndani zaidi. Anaacha kuwa mzigo unaobebwa kwa heshima na anakuwa mkono mmojawapo wa nyumba.

Mfano mkubwa uko hapahapa Durban. Mwaka 1873 manowari ya Waingereza ilishusha hapa watu zaidi ya mia moja, wengi wao Wamakua kutoka Msumbiji, waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kupitia Unguja. Hawakurudishwa makwao. Walitiwa kwenye mikataba ya kazi Natal, na wengine walifuata katika miaka iliyokuja. Safari yao ilikatika, na mahali ilipokatikia pakawapa jina: mpaka leo wanaitwa Wazanzibari. Waliishi Kings Rest, upande wa Bluff, kwenye ardhi iliyosimamiwa na wadhamini wa msikiti, wakawa na mahali pa kuswalia na pa kuzikia. Katika miaka ya 1960 sheria za ubaguzi ziliwahamisha kwa nguvu hadi Chatsworth, na huko jamii yao ingalipo. Watu hao hawakudumu kwa sababu walihurumiwa kwa siku mbili. Walidumu kwa sababu walipata pa kushika jembe, na sheria ilipowanyang'anya mahali hapo walikuwa wamekwisha kuwa watu wamoja.

Tukirejea kwenye siku zetu, liko jambo linalozua ubishi katika vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Mwenzetu akifariki, simu hulia, daftari hufunguliwa, na katika siku chache fedha ya kumsafirisha hadi kwao hupatikana. Hii ni sifa yetu na tusiiache. Lakini mwenzetu aliye hai akikwama Johannesburg kwenye kituo cha Park, usiku wa baridi kali, tiketi imekufa na mfuko mtupu, huambiwa avute subira. Maiti haiulizwi kwa nini ilisafiri. Aliye hai huulizwa kwa nini hakupanda ndege, kwa nini hakuangalia hali ya hewa, kwa nini hakubakiza akiba.

Wapo wenzetu wenye hoja nzito dhidi ya kuugusa mfuko huo. Wanasema fedha ya msiba ni amana, na amana haibadilishwi matumizi. Wanasema maiti haidanganyi, ilhali anayejiita amekwama huenda amekunywa nauli. Wanasema pia kwamba gharama ya msiba ina mwisho, na gharama ya aliye hai haina. Hoja ya kwanza ni ya haki kabisa, na dawa yake ni kufungua mfuko wa pembeni, hata kama ni mdogo, wenye kanuni zake. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini kuifuata mpaka mwisho ni kuwaadhibu kumi wakweli kwa ajili ya mwongo mmoja. Ya tatu ndiyo yenye kiini. Tunachokiogopa kwa aliyekwama ni kutojua mwisho wake. Barabara inaweza kufunguliwa kesho, au mpaka ukafungwa wiki tano.

Na hasa hapo ndipo methali yetu inapotusaidia, kwa sababu inaweka kipimo. Siku mbili ni za mgeni: chakula, blanketi, simu ya kuwajulisha wa nyumbani, bila maswali. Mafundisho ya dini tuliyoyataja huhesabu siku tatu, na yanayozidi huitwa sadaka. Siku ya tatu watu waketi waseme ukweli. Mwenyeji aseme chumba kinatosha wangapi na umeme unakula kiasi gani. Mgeni aseme alichonacho na anachojua kufanya: kushona, kupika, kunyoa, kukaa na watoto, kuangalia magari. Chama kitaje kiwango chake, na kisizidi hapo. Neno linaloharibu undugu ni lile la "usijali", likisemwa na mtu ambaye moyoni anajali sana. Mwenyeji anayetaja mpaka wake mapema hamkosei mgeni adabu. Anamkinga na siku ile atakapoona sura zimebadilika na asijue kosa lake.

Kwenye theluji ile ya 2024, shirika la Gift of the Givers, lililoanzishwa Pietermaritzburg mwaka 1992, lilituma watu wake kuwasaidia waliokwama barabarani. Hakuna aliyeulizwa kabila wala pasipoti kabla ya kupewa blanketi. Sisi tunaojuana kwa majina, tunaopeana salamu za Idi na Krismasi, hatuna sababu ya kuwa nyuma ya hapo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Aliyekwama njiani ni wa yule aliye karibu naye zaidi, kwa kipimo kinachojulikana, mpaka njia ifunguke. Na walio mbali wanadaiwa kumpunguzia mzigo huyo wa karibu. Ninyi mlioko Toronto, London au Muscat hamwezi kumfungulia mlango mtu aliyekwama Sydenham, ila mnaweza kumtumia mwenyeji wake bei ya paa la pili la umeme na gunia la unga. Mkutano wa vyama vya hapa hufanyika kabla ya Juni, baridi haijaingia. Itakuwa vema suala la mfuko wa walio hai liwekwe kwenye ajenda, lizungumzwe na lipigiwe kura, kabla N3 haijafungwa tena.