Kuichezea Shida ya Mwenzako

Kijana wa "Malaika" anapenda, ila hana fedha ya kuoa. Fadhili William wa Kenya aliuimba taratibu miaka ya 60. Mwaka 1981 Boney M, kundi la Ujerumani Magharibi, wakautia mdundo wa disko. Je, ni haki kuichezea shida ya mwenzako?

Nilikuwa nasema si haki. Halafu, kwenye harusi moja hapa Sumbawanga, DJ akaweka huo wa Boney M. Rafiki yangu, ambaye mahari yake imekwama tangu bei ya mahindi ishuke, akawa wa kwanza kuinuka. Aliimba kila neno kwa sauti, na hakuna aliyemwonea huruma. Ungepigwa ule wa taratibu angebaki kitini, sote tukimtazama. Sasa sijui nilikuwa namtetea nani.