Muda wa Ziada Katika Mtihani: Ni Haki au ni Upendeleo?

Tangu mwaka 2013, Kilifi na Mombasa zilipopata vyuo vikuu kamili vya serikali, mambo ya vyuo hivyo yamekuwa mazungumzo ya mabarazani petu. Na katika yanayosemwa ni haya: ikiwa mtihani ni mmoja na shahada ni moja, kwa nini kipofu apewe muda zaidi ya mwenziwe mwenye macho? Kwa nini asiyeweza kushika kalamu apewe mtu wa kumwandikia? Je, hii si dhulma kwa waliobaki?

Wasemao haya si watu wabaya. Wengi wao wapenda haki, na wachelea isije ikavunjwa. Kwa hivyo twaona wastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa kukaripiwa.

Kwanza yatupasa tujue mtihani ni nini. Mtihani ni mizani, na kila mizani hutafutiwa uzito wa kitu maalumu. Muuzaji mwaminifu akipima samli ndani ya chombo, huutoa uzito wa chombo, kwani mnunuzi hakuja kununua chombo. Vivyo hivyo mwalimu wa sheria ataka kujua kama mwanafunzi huyu aifahamu sheria. Hataki kujua ukali wa macho yake wala wepesi wa vidole vyake. Akimfungia katika muda ule ule wa wenziwe, kisha macho au vidole vikamkwamisha, alama atakazompa zitakuwa zimechanganya vitu viwili: elimu yake na ulemavu wake. Hapo amepima samli pamoja na chombo, kisha akasema amefanya uadilifu kwa kuwa mizani ilikuwa moja.

Asiyejua kazi ya kipofu hudhani kuwa muda wa ziada ni wa kupumzika. Sivyo. Maandishi asomayo, aliyoyatunga Mfaransa Louis Braille mwaka 1824, naye mwenyewe kipofu tangu utotoni, ni nukta zilizoinuka, na kila herufi hupangwa katika nafasi sita. Mwenye macho huutupia ukurasa jicho moja akajua swali liko wapi. Kipofu hupitisha kidole herufi baada ya herufi, na akitaka kulirejea swali, hulirejea kwa kupapasa. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta hizo huwa majuzuu kadhaa. Basi muda aongezwao ni badala ya muda uliokwisha kuliwa na njia.

Kiziwi naye ana taabu yake darasani. Macho yake yako kwenye mikono ya mkalimani wa lugha ya ishara. Akiinamisha kichwa kuandika, maneno yamekwisha kumpita. Ndiyo sababu huhitaji kupewa maandishi ya somo kabla ya somo. Mwenye kutumia kiti cha magurudumu, darasa likiwa ghorofani na hapana lifti, huwa ameshindwa na ngazi kabla hajalisikia somo. Na wako ambao ulemavu wao hauonekani: herufi humchanganyikia mtu asomapo, hali akili yake ni kali, naye huitwa mvivu na walimu na wazazi maisha yake yote.

Ewe msomaji, jambo hili si geni kwetu. Imran bin Huswein, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na maradhi ya bawasiri. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Sala haikuondolewa wala rakaa hazikupunguzwa. Kilichobadilika ni namna ya kuitekeleza. Nasi hatujapata kumsikia mtu msikitini akinung'unika kuwa mzee asaliye kitini amependelewa.

Tazama pia khabari ya Ibn Ummi Maktum. Alikuwa kipofu, na Mtume (S.A.W.) alimfanya mwadhini Madina. Alfajiri hujulikana kwa macho, basi ilikuwaje? Yeye alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Hakunyimwa kazi kwa sababu ya sehemu moja asiyoiweza; alipewa kazi, na sehemu ile akasaidiwa. Msaidizi alimwambia wakati, lakini adhana ilikuwa yake. Huyo asomaye karatasi ya mtihani kwa niaba ya kipofu leo ana tofauti gani na yule aliyesema kumekucha?

Na katika nchi yetu jambo hili si ihsani ya mwalimu apendaye. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pa elimu, na ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta na njia nyingine zimfaazo. Basi aombaye hayo aidai haki yake. Wala asionekane kuwa amenyosha mkono kuomba sadaka.

Hata hivyo uadilifu una mpaka. Kinacholegezwa ni njia, kinachopimwa hakilegezwi. Ikiwa mtihani ni wa kupima uandishi sahihi wa maneno, mwandishi akimsahihishia mwanafunzi herufi, ameondoa kile kile kilichotakiwa kupimwa. Na mwalimu ampaye mlemavu alama za huruma hakumheshimu. Amemwambia kwa ulimi wa hali kuwa hakumtarajia kujua. Mwandishi wa mtihani ni mtu wa amana: akiongeza neno amekhini, na akipunguza neno amekhini. Na kijana mzima aendaye kutafuta barua ya daktari ya uwongo ili aongezewe muda ajue kuwa amewaibia wagonjwa wa kweli, kwani baada yake kila mwenye haja hutazamwa kwa shaka.

Lakini tuseme kweli: wengi wa watoto hawa hawafiki chuo kikuu wakabishaniwa. Huzuiliwa majumbani mwetu. Mtoto kipofu hufunzwa kuomba mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Kiziwi hupelekwa uani wageni wakija. Mwingine miaka yake ya kusoma humalizikia kwa waganga, mara ni shetani, mara ni kijicho. Kisha sisi tukishampa shilingi huona tumemaliza wajibu wetu, hali shilingi ile ndiyo inayomweka pale pale mlangoni.

Na darasa zetu za dini je? Msahafu wa nukta za kipofu umekuwapo kwa miaka mingi; ni madrasa ngapi zetu zimewahi kuuulizia? Wala si kila jambo lahitaji fedha. Mwalimu aandikaye ubaoni akasema "hiki na hiki ni sawa" amemwacha kipofu gizani. Akikitaja kwa sauti akiandikacho, amemfundisha bila gharama yoyote. Na asemapo asiupe uso ubao, ili asikiaye kwa shida apate kuitazama midomo yake.

Nasaha yetu kwa wazazi ni kuwa msiifiche hali ya mtoto wenu. Ielezeni chuoni siku ya kujiandikisha, wala msingoje wiki ya mtihani, kwani karatasi ya nukta na mkalimani havitayarishwi kwa usiku mmoja. Na kwa wale waulizao mabarazani twasema: mwenzenu alipopewa muda wa ziada, katika alama zenu hapakupunguka hata moja. Kilichopunguka ni chombo tu, ikabaki samli.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika kumpa kila mwenye haki haki yake.