Darasa la Ramadhani, Siku ya 21: Mwanachuo Anarudi Nyumbani



Ndugu zangu wa jamaa ya msikiti wetu, na nyinyi mlio mbali mnaotufuata kwa simu. Alhamdulillah, Allah ametufikisha kumi la mwisho. Wako tuliofunga nao mwaka jana na mwaka huu hawapo. Allah awarehemu, nasi atukubalie.

Leo nilikuwa nimeandaa darasa la zakatul-fitri. Nimeliahirisha hadi kesho inshallah, kwa sababu ya ujumbe wa sauti nilioupata jana baada ya Alasiri. Umetoka kwa kijana niliyemsomesha madrasa tangu hajui kushika kalamu. Sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, Nairobi. Amenipa ruhusa niusimulie bila kumtaja jina. Anasema:

"Ustadh, njia zimefunguliwa, nimeshakata tikiti, Alhamisi niko Mombasa inshallah. Lakini kuna jambo. Chumbani tuko wanne. Mwenzetu mmoja tangu Ijumaa hasikii harufu wala ladha, na hataki kwenda kupima. Mimi niko sawa, sina homa, nafunga kama kawaida. Nyanya anasema lazima tufuturu sinia moja, halafu nimpeleke tarawehe. Nimwambie, ama ninyamaze?"

*Nimwambie, ama ninyamaze?* Jamani, darasa la leo lote ni swali hilo.

Mnakumbuka Machi tarehe 26, 2021, kaunti tano zilifungwa: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Watoto wetu wengi wanaosoma huko walikwama. Mei mosi mwaka huo zilifunguliwa, na mabasi yakateremka Pwani yamejaa vijana waliokuja kula Idi nyumbani. Hilo ni jambo la furaha, na kuunga kizazi ni ibada. Lakini mtu huja na begi lake, na huenda akaja na kitu kingine asichokijua.

Baadhi ya wazazi wanasema korona inawapata wanachuo kwa sababu ya starehe. Starehe ipo, sikatai. Lakini mimi nimesoma ualimu na nimekaa bweni, kwa hivyo natizama kwanza pale wanapolala. Hebu tuyapitie moja moja.

*Kwanza, chumba.* Chumba kimeandikiwa wawili, wanalala wanne. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Ugonjwa huu hutoka kwa pumzi ya mtu, anapozungumza, anapokohoa, hata anapocheka, na ndani ya chumba kisichopitisha hewa pumzi hiyo hubaki pale pale. Marekani, chuo kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kilianza masomo Agosti 10, 2020. Agosti 17, wiki moja tu, kikatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanarudi mtandaoni. Makundi ya maambukizi yaliyotangazwa siku zile yalikuwa kwenye makaazi ya wanafunzi. Wenzetu wale wana pesa na wana vipimo, na bado walishindwa na bweni. Sisi tutasemaje?

*Pili, chakula na vinywaji.* Sufuria moja ya ugali, watu watano wameinamiana. Chupa moja ya maji inazunguka. Na shisha, ambayo nchini ilipigwa marufuku mwisho wa 2017, lakini bado kuna vijana wanaopokezana mrija mmoja mdomo kwa mdomo. Huo ni moshi unaodhuru mapafu na mate ya mwenzako, vyote kwa pamoja.

*Tatu, urafiki.* Hili ndilo linalowakamata wengi. Kijana anavaa barakoa benki, anavaa ndani ya matatu, anavaa mbele ya mlinzi wa lango la chuo. Akifika chumbani kwa rafiki yake anaivua. Kwani rafiki anaogopwa? Lakini virusi havijui huyu ni rafiki na yule ni mgeni. Tunaambukizana zaidi na wale tunaokaa nao karibu kwa muda mrefu, na hao ndio tunaowapenda.

*Nne, ujana wenyewe.* Vijana wengi ugonjwa huwapitia mwepesi, na wengine hawahisi lolote. Tena mtu anaweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hata hajaanza kuumwa, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Kwa hivyo kijana wangu anaposema "sina homa," anasema kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Mwenzake ameacha kusikia harufu Ijumaa. Yeye amelala naye chumba kimoja Jumatano, Alhamisi, na mpaka leo.

*Tano, hofu.* Kwa nini yule mwenzao hataki kupima? Anaogopa kufukuzwa chumbani. Anaogopa kukosa mtihani. Anaogopa gharama. Anaogopa jina lake kuzunguka kwenye simu za watu. Mimi naona hili ni zito kuliko yote manne, kwa sababu hayo mengine yana dawa ndogo ndogo, lakini ugonjwa uliofichwa haupatiwi dawa.

Sasa tuje kwenye dini yetu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar mnalijua: kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) akawapa hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba palipo na tauni tusipaingie, na ikitukuta tulipo tusitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akarudi. Basi mwenye kujikinga asiambiwe hana tawakkul. Ni nani kati yetu mwenye tawakkul kumshinda Umar?

Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa wenye ngamia wazima. Tena akamwambia aliyekula kitunguu thaumu akae mbali na msikiti wetu, asiwaudhi waumini na Malaika. Tafakari, ndugu yangu. Ikiwa harufu ya thaumu, ambayo baada ya saa chache imekwisha, inamweka mtu nyumbani, je, maradhi yanayoweza kumlaza mzee kwenye oksijeni?

Hapa nataka niseme jambo langu mwenyewe, maana si haki niwanyooshee vidole vijana peke yao. Mwaka 2020, baada ya misikiti kufunguliwa, kuna wiki nilikuwa na kikohozi. Niliwaambia watu ni vumbi la ukarabati. Ndani ya nafsi yangu nilikuwa na shaka, lakini niliona haya kumwambia naibu wangu asalishe. Nilisema, imamu akikosekana siku tatu watasemaje? Nikasalisha. Wiki ile ile mzee mmoja wa safu ya kwanza akaugua. Kama alipata kwangu au kwengineko, Allah ndiye ajuaye. Alipona, alhamdulillah, lakini mpaka leo anasali juu ya kiti, na kila nikitoa salamu upande wa kulia namuona. Nimekwenda kwake, nimemuomba radhi, amenisamehe. Mimi bado sijamaliza kujisamehe. Kwa hivyo kijana wangu alipouliza aseme au anyamaze, sikuhitaji kufungua kitabu.

Nimemjibu hivi, na kila mwenye mtoto chuoni ampelekee:

1. *Sema kabla hujapanda basi.* Piga simu nyumbani, eleza ukweli wote. Na kama tikiti inaweza kusogezwa, isogeze, upime kwanza. Ndani ya basi nako kuna wazee wa watu.

2. Ukiwa umeshafika, hesabu siku 14 tangu ulipokaa na mgonjwa mara ya mwisho. Siku hizo lala peke yako. Nyumba ikiwa ndogo, weka kitanda chako karibu na dirisha na liache wazi. Chukua sahani yako na kikombe chako.

3. Futari si lazima iwe sinia moja. Nyanya akae barazani kwenye upepo, nawe ukae mbali kidogo. Mbaazi na mahamri ni yale yale, na dua ni ile ile.

4. Tarawehe na qiyamul-layl sali nyumbani. Mgonjwa na msafiri huandikiwa malipo ya yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na yuko kwao. Hayo ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), si maneno yangu. Na Laylatul-Qadr haiulizi uko safu ya ngapi.

5. Ukianza kuumwa, nenda hospitali. Usijilazimishe kufunga ukiwa na homa, Qur'ani imemruhusu mgonjwa afuturu na alipe siku nyingine. Na ukikosa pumzi, usingojee hata maghribi.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto akikupigia akakwambia "mama, huenda nimeambukizwa," usianze na "ulikwenda wapi? ulikuwa na nani?" Ukimfokea leo, kesho atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaingia mpaka kwenye kitanda cha mama yako. Mwambie ahsante kwa kusema kweli. Maswali mengine yana siku yake.

Na sisi jamaa ya msikiti tuna letu. Mtu akikosekana safuni, tusimtangaze, tusimwepuke kama mwizi. Tumpelekee futari mlangoni, tubishe hodi, turudi nyuma. Kumtembelea mgonjwa kunaweza kuwa kwa simu siku hizi, na thawabu ziko kwa Allah. Milango na madirisha ya msikiti yataendelea kuwa wazi, kila mtu na mswala wake; mwaka 2021 tuliagizwa tubaki theluthi moja ya nafasi. Tarawehe tulizifupisha mwaka 2021 ili kila mtu awe kwake kabla ya kafyu ya saa nne usiku.

Wazee wetu ambao hawajachanja na hawana katazo la daktari, waende. Wengi wameniuliza kuhusu saumu: kauli ya wanachuoni wengi wa zama hizi ni kwamba sindano ya chanjo haifunguzi, kwa sababu si chakula wala haiingii kwa njia ya chakula. Mwenye kuingiwa na wasiwasi aulize hospitali kama anaweza kuja baada ya maghribi, au asubiri Idi, lakini asiiache kabisa.

Kijana wangu alimpigia nyanya yake jana usiku. Alinitumia ujumbe baadaye. Anasema nyanya alinyamaza kidogo, mpaka akadhani simu imekatika. Halafu akamwambia: "Mwanangu, mimi nilitaka kukuona, sikusema nataka kukugusa. Pima kwanza. Idi ya mwaka huu ikikupita, kuna ya Mfunguo Tatu." Tikiti ameisogeza. Leo asubuhi amekwenda kupima, na yule mwenzake aliyekuwa hataki amefuatana naye. Majibu hayajatoka. Tuwaombee.

Allahumma, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu na wanaadamu wote. Warehemu waliotangulia. Walinde watoto wetu walio mbali, wafungulie milango ya elimu, na uwarudishe kwetu salama bila kubeba madhara wala kukutana nayo. Utujaalie tuwe wakweli hata pale ukweli unapotutia haya. Tufikishe Laylatul-Qadr nawe ukiwa radhi nasi. Aamiin.

Kesho inshallah: zakatul-fitri, nani inampasa na itolewe lini. Ukiwa na swali nitumie kwa faragha, usiliandike hapa kama linahusu afya ya mtu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.