Walidhani Yumo Msafarani

Somo la Jumapili: Luka 2:41–52

 

Leo tunamtazama Bwana Yesu akiwa na miaka 12. Yusufu na Mariamu walikwenda naye Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Waliporudi, mtoto alibaki nyuma, nao wakatembea mwendo wa siku nzima bila kujua, kwa sababu walidhani yumo msafarani pamoja na jamaa. Hawakuwa wazazi wabaya, walikuwa wacha Mungu waliokuwa wanatoka sikukuuni. Walidhani tu.

Hapo ndipo Neno linapotugusa sisi wa Sterling. Baba anatoka zamu ya usiku uwanja wa ndege wa Dulles, mama anaingia zamu ya asubuhi kuhudumia wazee. Wanapishana mlangoni, wanaachiana funguo za gari. Kodi inangoja, na nyumbani Afrika wanangoja ada. Mtoto amepanda basi la njano, amerudi, amekula, amefunga mlango wa chumba chake. Nasi tunadhani yumo msafarani.

Wapendwa, tuna jambo la kukiri mbele yenu. Mama mmoja kati yetu alituletea barua ya shule. Mshauri wa wanafunzi aliomba kuonana naye, kwa kuwa mwanawe alikuwa hali mchana, anasinzia darasani, na ameandika kwenye daftari kwamba amechoka kuishi. Mama aliogopa ataambiwa hajui kulea. Aliogopa kunyang'anywa mtoto. Sisi viongozi tukamwekea mikono, tukaomba, tukamwambia afunge siku tatu. Hatukumwuliza anakwenda shuleni lini, wala hatukujitolea kumsindikiza. Barua ikakaa mkobani wiki mbili.

Kwa neema ya Mungu, shangazi wa kijana aliketi naye jikoni usiku mmoja, akamwuliza, akamsikiliza mpaka mwisho, na asubuhi akawapeleka kwa daktari. Leo kijana anaendelea na matibabu, na familia imeturuhusu tuseme haya bila kutaja jina. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kuomba na kuketi.

Tuwatazame tena Yusufu na Mariamu. Walipogundua, waligeuka nyuma. Hawakusema msafara umeshakwenda mbali. Walipomwona siku ya tatu, Mariamu alimwuliza mtoto kwa nini amefanya vile, akamweleza jinsi walivyoumia kumtafuta. Luka anasema hawakulielewa jibu lake. Hata hivyo walishuka naye nyumbani, na mama akayaweka yote moyoni. Mzazi si lazima aelewe kila kitu ndipo akae karibu na mwanawe.

Sisi mara nyingi hatuulizi. Mtoto akisema ana huzuni tunamjibu kwamba wenzake Afrika wanatembea kwa miguu kwenda shule, na kwamba tumevuka bahari kwa ajili yake. Ni kweli, lakini jibu hilo linafunga mdomo wake, na kesho hatasema tena. Wengine tunasema hana imani. Someni 1 Wafalme 19: nabii Eliya aliomba afe, na malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mungu aliyemtunza nabii wake hivyo hawezi kumwonea aibu kijana mwenye sonona. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena, Yesu alikutwa ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Basi mwalimu si adui wa nyumba yetu. Tuyashike haya:

Barua ya shule isilale mkobani. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo msingi wako wa kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimfanye mtoto awe mkalimani wa habari zake mwenyewe.

Ukiona mtoto anachelewa kusoma au kuzungumza, andika barua uombe apimwe, na uweke nakala. Kanuni za Virginia zinaipa shule siku 65 za kazi kukamilisha tathmini. Wala msiache Kiswahili nyumbani kwa hofu. Lugha mbili hazimdumazi mtoto.

Usiku, simu zilale sebuleni, za wazazi pia. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Na mtoto akitaja kufa, usimkaripie wala usingoje Jumapili. Mwulize waziwazi, usimwache peke yake, piga 988. Namba hiyo inapokelewa nchi nzima usiku na mchana tangu Julai 2022. Kama hatari iko mlangoni, piga 911. Kisha tupigie na sisi, tutakuja.

Luka anamaliza kwa kusema Yesu alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu. Akili, mwili, roho na mahusiano: yote manne yalikua, na yalikua nyumbani Nazareti, chini ya wazazi waliowahi kumpoteza siku tatu. Kwa hiyo asikate tamaa mzazi aliyegundua leo kwamba amechelewa. Ageuke nyuma.

Baada ya ibada, mwenye barua ya shule asiyoielewa aje nayo. Tutaisoma pamoja, na mmoja wetu atakusindikiza. Mkono mmoja haulei mwana.

Tuombe. Baba, utusamehe tulipodhani. Utupe macho ya kuwaona watoto uliotupa, masikio ya kuwasikia, na miguu ya kurudi kuwatafuta. Katika jina la Yesu, Amina.